Bima ya biashara ya upishi: fuata sufuria kwanza, bei baadaye

Tuseme Jumamosi hii una kazi ya harusi Machakos. Wageni 300: pilau, kuku, mukimo, chapati na matunda. Kamati ya harusi imeshatuma nusu ya pesa kwa Till yako. Jiko lako liko Kitengela, hema na viti umekodi kwa mtu mwingine, na vibarua 12 umewapigia simu Alhamisi. Bima unayo. Wakala alikuja mwaka jana, mkakaa, ukalipa, ukapewa faili yenye nembo nzuri. Sasa hebu fungua hiyo faili uangalie pale palipoandikwa mahali panapolindwa. Kuna uwezekano mkubwa utakuta anwani moja tu: duka nambari fulani, barabara fulani, Kitengela.

Na Jumamosi nzima hutakuwa Kitengela.

Hapo ndipo watu wengi wa upishi hupatwa. Bima nyingi za biashara ndogo zinazouzwa zikiwa zimefungwa pamoja zilitengenezwa kwa mtu wa duka, saluni au ofisi, yaani mtu ambaye biashara yake imekaa mahali pamoja na milango inafungwa saa mbili usiku. Biashara ya upishi inatembea. Moto unawashwa kwenye ploti ya mwenyewe, wafanyakazi ni wa siku, nusu ya vyombo ni vya kukodi, na chakula kinafanya kazi yake, nzuri au mbaya, wakati wewe umeshaosha sufuria na kurudi nyumbani.

Kwa hivyo kabla ya kumuuliza wakala "ni pesa ngapi?", fanya zoezi moja. Chagua kazi moja uliyofanya juzi na ufuate sufuria: kutoka jikoni, barabarani, uwanjani, mezani, hadi iliporudi. Kila inaposimama jiulize, hapa kitu kikiharibika nani atanidai, na ni karatasi gani itamlipa? Mahali ambapo huna jibu ndipo unapohitaji bima. Mengine yote ni maneno ya mauzo, na ninasema hivyo nikiwa mtu niliyesomea mauzo.

Jikoni kwako

Hapa ndipo wakala hupenda kuanzia, kwa sababu ni rahisi. Bima ya moto inalinda jengo (kama ni lako), friji, majiko, sufuria na bidhaa. Bima ya wizi inalinda vitu hivyo dhidi ya wezi, lakini mara nyingi hutaka alama za kuvunja: kufuli iliyokatwa, dirisha lililong'olewa. Mtu akiingia mlango ukiwa wazi akaondoka na mashine ya kusaga nyama, usishangae ukiambiwa huo haukuwa wizi wa aina inayolipwa.

Kama unapikia nyumbani, na wengi wetu tunaanzia hapo, bima ya nyumba haitoshi. Imeandikwa kwa ajili ya familia inayoishi, si kwa mitungi minne ya gesi ya kilo 50 nyuma ya jikoni. Mwambie wakala ukweli kuhusu gesi, kuhusu mafuta ya kukaangia, kuhusu idadi ya majiko. Kuficha kunapunguza ada leo, halafu kunaipa kampuni sababu ya kukataa dai kesho.

Kitu kingine ni thamani unayoandika. Watu hupunguza ili walipe kidogo, na hesabu huwageukia. Chukua mfano wa vyombo vya Sh800,000 ambavyo umeviandikia bima ya Sh400,000, yaani nusu. Moto unateketeza vitu vya Sh200,000. Utafikiri utalipwa zote kwa kuwa hazijafika 400,000. Hapana. Kampuni itasema ulijilinda nusu, na nusu nyingine ulikubali kuibeba mwenyewe, kwa hivyo inalipa Sh100,000. Tena hapo hujatoa kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho kila mwenye bima hubeba, kile kinachoandikwa excess kwenye karatasi. Andika bei ya kununua kitu leo, si ile uliyonunulia 2019.

Na tusisahau Juni 2024 na Juni 2025. Wafanyabiashara waliovunjiwa na kuibiwa wakati wa maandamano walijifunza kwamba bima ya kawaida ya moto na wizi haigusi vurugu za kisiasa. Hiyo huuzwa peke yake, kama nyongeza ya vurugu za kisiasa na ugaidi, na huongezwa kabla, si asubuhi ya maandamano. Kama jiko lako liko katikati ya mji, uliza bei yake. Kama liko shambani Kikuyu, pengine pesa hiyo ina kazi nyingine.

Barabarani

Hapa ni pafupi lakini pana mtego. Bima ya gari ni lazima kisheria chini ya Sura 405, hilo kila mtu analijua. Kile ambacho si kila mtu anajua ni kwamba aina ya matumizi iliyoandikwa kwenye cheti ina maana. Probox iliyokatiwa bima kama gari la kibinafsi, halafu ikakamatwa na ajali ikiwa imejaa sufuria za mteja, inaweza kukuletea shida kubwa. Kuna bima ya gari la biashara linalobeba mizigo yako mwenyewe, na kuna ya gari linalobeba mizigo ya watu kwa malipo. Ukikodi pickup ya jirani ikubebee vyombo, yake inapaswa kuwa hii ya pili. Muulize akuonyeshe cheti. Ni dakika moja tu.

Bima ya gari pia haimaanishi vilivyo ndani ya gari viko salama. Gari likipinduka Kyumvi, mwili wa gari una bima yake, na sufuria, friji na chakula vinahitaji bima ya mizigo safarini. Kwa vifaa vya bei unavyozunguka navyo kila wikendi, uliza kuhusu ile inayoitwa All Risks, ambayo hufuata kifaa popote kilipo nchini badala ya kufungwa na anwani.

Wale vijana wa siku

Sasa tufike kwa vibarua, kwa sababu hapa ndipo pesa za kweli zinaweza kutoka mfukoni mwako.

Sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, ile wote huita WIBA, inamtaka kila mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Wengi husikia neno mwajiri wakafikiria kampuni yenye ofisi ya wafanyakazi na barua za ajira. Lakini kijana uliyempigia simu Alhamisi aje kubeba sinia Jumamosi, ukamlipa jioni, siku hiyo alikuwa mfanyakazi wako. Akimwagikiwa na mafuta ya kukaangia kuku, ni wewe anayekuangalia.

Angalia ukubwa wa jambo lenyewe. Mfanyakazi akifariki kazini, au akipata ulemavu wa kudumu wa asilimia 100, fidia chini ya sheria hiyo ni mapato ya miezi 96. Mpishi wako mkuu ukimlipa Sh25,000 kwa mwezi, hiyo ni Sh2,400,000. Piga hesabu ni harusi ngapi hizo. Na ulemavu wa sehemu, kama kupoteza vidole kwenye mashine, una asilimia zake zilizopangwa kwenye jedwali la sheria hiyo hiyo. Juu yake kuna gharama za matibabu na malipo ya kipindi ambacho hawezi kufanya kazi.

"Si wako na SHA?" Hilo ni swali ambalo utalisikia kila mahali. SHA ni ya mtu na familia yake, inahusu matibabu. Haichukui nafasi ya wajibu wako kama mwajiri, wala haimlipi mtu kwa sababu mkono wake hauwezi tena kufanya kazi.

Ada ya WIBA huhesabiwa kama asilimia ya mishahara yote unayolipa kwa mwaka. Kwa hivyo swali la wakala litakuwa: unalipa watu kiasi gani kwa mwaka? Mtu mwenye waajiriwa wawili na vibarua kumi na wawili mara nyingi husema "wawili", kwa sababu ndio anaowahesabu kama wake. Hapo amekwishajikata. Vibarua 12, kila mmoja Sh1,000, mara kazi 40 kwa mwaka, ni Sh480,000 za mishahara ambazo kampuni ya bima haizijui. Siku mmoja wao akiumia, kampuni itauliza jina lake liko wapi.

Na hapa simu yako inakusaidia kuliko daftari lolote. Ukiwalipa vibarua mmoja mmoja kwa simu, kila mmoja kwa nambari yake, mwisho wa mwaka una statement yenye majina, tarehe na kiasi. Hiyo ndiyo rekodi ya mishahara. Ile tabia ya kumpa kiongozi wa wahudumu Sh12,000 taslimu "awagawie wenzake" ni rahisi usiku wa manane kila mtu akitaka kwenda nyumbani, ninaelewa. Lakini inafuta ushahidi kwamba kijana fulani alikuwepo kazini siku hiyo. Inafuta ushahidi kwake, na kwako pia.

Uwanjani kwa mwenyewe

Mgeni anajikwaa kwenye kamba ya hema anavunjika mguu. Jiko linalipuka linachoma ukuta wa kanisa. Mhudumu anamwagia bibi ya mtu supu ya moto kwenye gomesi. Yote haya ni madai ya watu wa nje dhidi yako, na bima yake kwenye kotesheni utaiona imeandikwa Public Liability, yaani dhima yako kwa umma. Hoteli, makampuni na kaunti nyingi zitaitaka pamoja na WIBA kabla ya kukupa kazi. Kama unalenga kazi za semina na mikutano ya ofisi, usiione kama gharama tu. Bila karatasi hizo mbili mara nyingi hata hufunguliwi bahasha yako.

Soma sehemu ya vitu visivyolipwa, hata kama huna hamu ya kusoma kingine chochote. Mbili zinawahusu sana watu wa upishi. Ya kwanza: mali iliyo mikononi mwako, uliyokodi au uliyokabidhiwa, kwa kawaida haimo. Ile hema uliyokodi ikiungua, ukuta wa jirani unaweza kulipwa na hema isilipwe, kwa sababu hema haikuwa ya mtu wa nje, ilikuwa chini yako. Inabidi iongezwe kwa jina. Kabla ya kuiongeza muulize mwenye hema kama yeye ana bima, na mkataba wa kukodi unasema nani anabeba hasara. Wengi hukodi hema ya mamilioni kwa makubaliano ya mdomo tu.

Ya pili inahitaji sehemu yake.

Chakula chenyewe

Hili litawashangaza baadhi yenu: bima ya dhima kwa umma inaweza isilipe mtu aliyeumwa tumbo kwa chakula chako.

Sababu ni kwamba watu wa bima hutofautisha kati ya ajali iliyotokea ukiwa hapo unafanya kazi na madhara yaliyoletwa na kitu ulichouza baada ya kuondoka mikononi mwako. La pili lina bima yake, Products Liability, dhima kwa bidhaa. Kampuni nyingine huziuza pamoja, nyingine huweka sumu ya chakula na vinywaji kama nyongeza ambayo lazima uiombe, nyingine huiondoa kabisa. Kwa mtu wa viti tofauti hii ni ndogo. Kwako wewe ndiyo biashara yenyewe.

Fikiria jinsi ugonjwa wa chakula unavyokuja. Sumu ya bakteria aina ya Staphylococcus, ambao mara nyingi hutoka mikononi mwa anayepika, inaweza kumwangusha mtu kati ya nusu saa na saa nane baada ya kula. Salmonella huchukua kuanzia saa sita hadi siku sita. Wali uliopikwa mapema ukaachwa kwenye sufuria bila baridi una bakteria wake pia, Bacillus cereus, ambao wanaweza kuacha sumu isiyoondoka hata ukiupasha tena. Kwa hivyo wageni wako wakianza kupigiana simu Jumapili mchana, wewe uko nyumbani umelala, umechoka, umelipwa. Na watu 300 walikula kutoka sufuria moja. Tuseme 40 tu kati yao wamelazwa, kila mmoja bili ya Sh15,000. Hizo ni Sh600,000 kabla wakili hajaandika barua ya kwanza.

Kwa hivyo muulize wakala swali moja, kwa maneno haya: "Mgeni akila chakula changu, akaumwa baada ya mimi kuondoka, bima hii inalipa? Nionyeshe mstari." Akijibu kwa mdomo, mwombe aandike kwa barua pepe. Jibu la "usijali" halina nambari ya ukurasa.

Ukishahakikisha, angalia kiwango cha juu. Mara nyingi kuna viwango viwili, kimoja kwa tukio moja na kingine kwa mwaka mzima, na hicho cha tukio ndicho kinachokuhusu zaidi, kwa sababu hatari yako inakuja yote siku moja. Ukipika harusi za watu 300, kiwango cha Sh1,000,000 kwa tukio kinasikika kikubwa hadi ukigawanya: ni kama Sh3,300 kwa kila mgeni. Uliza pia kama gharama za wakili ziko ndani ya kiasi hicho au nje yake.

Bima hii ina masharti, na mengi ni yale ambayo afisa wa afya wa kaunti angekuuliza. Kila anayegusa chakula anatakiwa kuwa na cheti cha afya, na hicho hufanywa upya kila miezi sita. Hapa vibarua wanarudi tena: mpishi wako ana cheti, wewe unacho, je, yule kijana aliyekata kachumbari? Piga picha ya cheti cha kila mtu kabla ya siku ya kazi na uiweke kwenye simu. Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 na cha baridi chini ya 5. Na kabla ya kuanza kupakua, toa kijiko kikubwa cha kila chakula, weka kwenye kikopo safi chenye tarehe, kiweke kwenye friji siku tatu. Siku mtu akidai kuku ilikuwa mbovu, una kitu cha kupeleka maabara.

Halafu kuna mambo ya sherehe zetu ambayo hakuna fomu ya bima itakayokuuliza. Familia inaleta mbuzi wao wawili waliochinjwa nyumbani. Shangazi zake bibi harusi wamepika chapati 200 na lazima ziwe mezani. Keki imetoka kwa mtu mwingine. Vyote vinapakuliwa na wahudumu wako, kwenye vyombo vyako, na mtu akiumwa hakuna atakayekumbuka chapati zilikuwa za nani. Andika kwenye makubaliano na kamati vyakula ulivyopika wewe na vilivyoletwa na familia, hata kama ni ujumbe wa simu ambao mwenyekiti amejibu "sawa". Na vile watu wetu hufungiwa chakula waende nacho: kuku aliyekaa mezani tangu saa saba, akawekwa kwenye mfuko, akaliwa saa tano usiku na mtoto ambaye hata hakuja harusini. Amua mapema kama wahudumu wako watafunga chakula, na kwa muda gani baada ya kupakua. Wengine wataona roho mbaya. Waache waone.

Pesa za kazi

Bima ya pesa inalinda zaidi noti: zilizo kwenye sefu, zilizo njiani kwenda benki. Ukipokea karibu kila kitu kwa Till, huenda huihitaji kabisa, na hiyo ni ada umeokoa. Hatari iliyobaki ni ya ndani: mfanyakazi anayempa mteja nambari yake mwenyewe badala ya Till yako. Bima ya uaminifu wa wafanyakazi, Fidelity Guarantee, ipo kwa ajili hiyo, lakini kwa biashara ndogo mimi ningeanza na dawa ya bure. Chapisha Till na jina la biashara kwenye kila kotesheni, na umwambie mteja alisome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN.

Deposit ya kazi iliyoahirishwa ni jambo jingine ambalo watu hulitarajia kutoka kwa bima bure. Ile ya kukatizwa kwa biashara kwa kawaida hulipa pale ambapo mali yako iliyo na bima imeharibika, kama jiko kuungua, ukashindwa kufanya kazi. Mikusanyiko ilipopigwa marufuku Machi 2020, majiko yote yalikuwa mazima. Kinachokulinda hapo ni masharti yako ya deposit: inarudi lini, kiasi gani, na hairudi lini.

Ukienda kununua

Kama pesa haitoshi vyote, na mara nyingi haitoshi, usianze na sufuria. Sufuria iliyoibwa unajua bei yake, na unaweza kuazima ya mwenzako. Deni la mtu aliyeungua au wageni waliolazwa halina bei unayoijua leo. Mimi ningeanza na WIBA na dhima inayotaja chakula waziwazi, nihakikishe cheti cha gari kinasema kazi ninayofanya, halafu moto na vyombo vifuate kazi zikikubali. Wakala anaweza kukupangia kinyume, kwa sababu moto na wizi ndivyo rahisi kueleza.

Chukua kotesheni tatu na uzilinganishe kwa vitu visivyolipwa, si kwa ile namba ya chini kabisa. Wakala wa kampuni moja atakuuzia cha kampuni hiyo. Broka anaweza kukutafutia kwa kadhaa. Yeyote yule, angalia jina lake na la kampuni kwenye orodha ya waliopewa leseni mwaka huu, inayotolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Mwaka huu, si mwaka jana. Kampuni huanguka: Resolution Insurance iliwekwa chini ya msimamizi Aprili 2022, na wateja wake walibaki na vyeti mkononi.

Juu ya ada utaona vijitozo. Usigombane na wakala, ni vya kawaida: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kufidia wenye bima, na Sh40 za stempu. Kwa ada ya Sh30,000 ni Sh60, Sh75 na Sh40, jumla unalipa Sh30,175. Ukiona makato mengine makubwa, hapo uliza.

Kisha malipo yenyewe. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima kinasema kampuni haibebi hatari kabla haijapokea ada. Kwa lugha ya kawaida, bima haianzi siku mliyosalimiana kwa mkono, inaanza pesa ikifika. Na ifike kwa kampuni. Lipa kwa Paybill ya kampuni ya bima, nambari ya akaunti iwe nambari ya bima yako, na jina linalotokea kwenye simu liwe la kampuni. Wakala akisema "nitumie kwa namba yangu nikulipie, system iko down", ngoja system irudi. Kama huwezi kulipa kwa mkupuo, kampuni na benki kadhaa zina mikopo ya kulipia bima kwa awamu. Jua kwanza ukikosa awamu moja ni nini hutokea kwa bima yako, na kama kosa hilo linaweza kuangukia Desemba.

Mambo yakiharibika

Kwanza watu, halafu simu. Mpeleke aliyeumia hospitali, kisha ijulishe kampuni siku hiyo hiyo kwa maandishi, na picha, majina ya mashahidi na mahali. Kwa mfanyakazi, ajali lazima iripotiwe kwa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, DOSH: ndani ya saa 24 kama amefariki, ndani ya siku saba kama ameumia.

Kwa wageni, kuwa mwangalifu na maneno. Pole sema, tena useme kwa moyo. Lakini "tutalipa bili zote" usiseme wala usiandike kwenye kikundi cha WhatsApp cha kamati, kwa sababu bima nyingi za dhima zinakukataza kukubali kosa au kuahidi malipo bila kampuni kujua. Ukiahidi, huenda ahadi ikawa yako peke yako. Sema umeijulisha bima yako, uwape nambari ya dai.

Kusanya risiti za ununuzi, statement ya Till ya siku hiyo, malipo ya vibarua, picha za vyeti vya afya, na vile vikopo vya sampuli. Sheria ya Bima inaipa kampuni siku 90 tangu dai liripotiwe, iwe imekubali au kukataa, na kama imekubali iwe imelipa. Weka siku ya 90 kwenye kalenda ya simu siku ile ile unaporipoti. Ikifika bila jibu, au ukikataliwa kwa sababu ambayo huioni popote kwenye mkataba, peleka malalamiko IRA kwa maandishi, ukiambatanisha nambari ya bima, nambari ya dai, barua zote mlizoandikiana na ule ujumbe wa uthibitisho wa malipo ya ada. Huo ujumbe usiufute. Upige picha, ujitumie kwa barua pepe, kwa sababu simu nayo huibwa kwenye harusi.